Kabla ununue mashine ya kukereza mbao, nunua hivi vingine kwanza

Lazima hiyo video imekupitia kwa simu. Gogo chafu lenye magome linazunguka kwa mashine, jamaa anasogeza patasi, maganda yanaruka kama tambi, na kabla dakika iishe gogo limekuwa bakuli linalong'aa. Unaitazama mara tatu. Ya nne unaanza kupiga hesabu: bakuli moja naweza kuuza ngapi, kwa wiki nitatengeneza mangapi, na hiyo mashine inauzwa wapi.

Hapo kwa "mashine inauzwa wapi" ndipo nataka tuongee, mimi na wewe, polepole.

Kwanza, sikukatazi. Kukereza ni kazi nzuri na si ya juzi. Kiswahili kina neno lake kabisa, kwa sababu watu wetu wa Pwani waliifanya kabla ya stima kufika. Vitanda vya kale vya Lamu vina miguu iliyokerezwa. Vijiti vya kushikilia ngazi katika nyumba za ghorofa, miguu ya viti na meza, mchi wa kutwangia, hata kijiti cha kusukumia chapati hapo jikoni kwenu, vyote ni vitu vya kukerezwa. Mafundi wengi mtaani wanaiita mashine yenyewe leithi. Soko lipo, na halitaki cheti cha digrii.

Lakini msimamo wangu ni huu: mashine iwe kitu cha mwisho kununua, sio cha kwanza. Kijana anayeanza kwa kununua mashine mara nyingi anaishia na chuma kizito kilichofunikwa gunia kwa kona, deni kwa simu, na mkono wenye bandeji. Anayeanza kwa vile vingine hukawia kidogo, lakini hufika.

Wacha nikuonyeshe kwa nini.

Mkopo wa siku 14 na mti wa miezi

Tuanze na pesa, maana ndizo hazipo.

Ukiamua leo kwamba unataka mashine, njia rahisi iko mfukoni. Hazina ya Hasla ilipozinduliwa mwishoni mwa Novemba 2022, mkopo wa mtu binafsi ulianzia Sh500 hadi Sh50,000, riba asilimia 8 kwa mwaka, na muda wa kulipa siku 14. Kuna programu nyingine za mikopo, ambazo nyingi riba yake ni kali zaidi ya hiyo.

Sasa weka hizo siku 14 kando ya mti.

Mti uliokatwa juzi ni raha kukereza. Ni laini, hauna vumbi sana, na mara nyingi unaupata bure ama kwa bei ya kubeba tu. Shida ni kwamba umejaa maji. Bakuli ukilimalizia hapo hapo likiwa jembamba, litapinda. Ukiliacha nene, kuna uwezekano mkubwa litapasuka likikauka. Kwa hivyo wakerezaji hulifanya mara mbili. Mara ya kwanza wanaacha ukuta wa bakuli ukiwa mnene kiasi cha sehemu moja ya kumi ya kipenyo chake, yaani bakuli la upana wa inchi 10 linaachwa na ukuta wa inchi 1. Wanalipaka nta, hasa kule ncha za nyuzi za mti zinakotokea, kisha wanaliweka kivulini mbali na upepo. Kila wiki wanalipima kwa mizani. Uzito ukiacha kushuka, limekauka, na linarudi kwa mashine kwa mara ya pili. Hiyo safari ni ya miezi.

Kwa hivyo siku ya 14, ujumbe wa kudai pesa unapoingia, bakuli lako la kwanza bado linatoa maji kwa kona ya chumba. Utauza nini? Utauza mashine, tena kwa bei ya kutupa, kwa msee aliyekuwa anangoja tu mtu kama wewe akwame.

Usinielewe vibaya. Mkopo una kazi yake. Mama mboga akichukua asubuhi, jioni sukumawiki imeshauzwa na pesa imerudi. Kazi ya mti haina mzunguko huo, hasa mwaka wa kwanza ambapo vipande vingi unavyotengeneza ni vya kujifunzia na vitaishia jikoni kama kuni. Ukikopa kwa kazi hii, unakopa kununua muda, na muda ndio kitu ambacho mikopo hiyo haiuzi.

Mashine haijawahi kuwa siri ya kazi

Katika kaburi la Petosiris kule Misri, lililochorwa takriban miaka 300 kabla ya Kristo, kuna picha ya watu wawili wakikereza. Mmoja anavuta kamba kuuzungusha mti, mwingine anashika kifaa cha kukatia. Hakuna mota wala soketi. Kule Marrakech, Moroko, hadi leo utakuta mafundi wamekaa chini, mkono mmoja unavuta uta wenye kamba iliyozungushwa kwa mti, mkono mwingine umeshika patasi, na mguu unaiongoza.

Sikuambii ukae chini uvute kamba. Nakuambia hawa watu wana mashine duni kuliko chochote utakachopata mjini, na kazi yao ni safi kuliko yako na yangu. Walicho nacho ni makali na mkono uliozoea. Vyote viwili haviletwi na kontena.

Basi ukiwa na pesa kidogo, na nyingi wetu ndizo hizo, zipange hivi.

Kwanza, nunua muda wa fundi

Kabla ya chochote, tafuta mtu anayekereza. Nenda Gikomba, ama kule Ngong Road wanakotengeneza fanicha kando ya barabara, ama kwa karakana yoyote ya mbao karibu na kwenu. Uliza nani huwakerezea miguu ya viti. Ukimpata, usimwombe akufundishe bure. Mwambie hivi: "Shikamoo mzee, nina Jumamosi nne. Nitafagia, nitabeba mbao, na nitakulipa kitu kidogo. Nataka nione unavyonoa." Sema kunoa, usiseme kukereza. Akisikia neno hilo atajua hukuja kupiga picha.

Jumamosi nne zitakujibu swali ambalo hakuna video hujibu: je, hii kazi naipenda hata ikiwa na kelele, vumbi na mgongo unauma? Ukigundua huipendi, umepoteza nauli. Uligundua ukiwa umenunua mashine, umepoteza kodi ya nyumba ya miezi kadhaa.

Pili, uso na mapafu

Kitu cha kwanza kununua kwa pesa yako ni kinga ya uso. Sio miwani peke yake. Nasema ile plastiki safi inayofunika kuanzia paji hadi kidevuni.

Tupige hesabu pamoja. Bakuli la upana wa sentimita 25 likizunguka mara 1,000 kwa dakika, ukingo wake unaenda karibu kilomita 47 kwa saa. Hiyo ni kasi ya matatu ikipita mjini. Ongeza hadi mara 2,000 na ukingo unakaribia kilomita 94 kwa saa. Sasa gogo lina ufa ambao hukuuona, linaachana vipande viwili, na kimoja kinakuja upande wako. Miwani italinda macho. Taya na meno je?

Halafu vumbi. Mwaka 1995, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza, yaani vitu ambavyo imethibitishwa vinasababisha saratani kwa binadamu. Saratani yenyewe ni ya pua na sehemu zilizo nyuma yake. Vumbi baya zaidi ni lile jembamba usiloliona, linalotoka ukipiga msasa. Barakoa ya kitambaa iliyobaki wakati wa korona haizuii hilo. Tafuta iliyoandikwa N95 ama FFP2, na ukiwa na ndevu nyingi jua haishiki vizuri. Fungua mlango, fanyia kazi mahali penye hewa.

Najua utasema nini: "Huyo mzee wa Gikomba amefanya miaka thelathini bila barakoa na yuko sawa." Sawa. Lakini uliyemkuta pale ni aliyebaki. Aliyepoteza jicho alishaacha kazi, hayuko pale kukuhadithia.

Na mavazi hayagharimu chochote. Usivae glavu, kwa sababu mashine ikishika kitambaa inavuta na mkono. Mikono mirefu kunja juu ya viwiko. Rasta na nywele za kusuka zifunge nyuma na uziweke ndani ya kofia. Mkufu, lesso, kamba ya kitambulisho shingoni na waya za spika za masikio, zote ziache mlangoni. Kabla ya kuwasha, zungusha mti kwa mkono mara moja kamili kuhakikisha haugusi popote. Ukiwasha, simama kando, usisimame kwenye mstari ambao gogo lingetokea likiruka.

Tatu, kitu cha kunolea

Hapa ndipo vijana wengi huanguka, na si kwa sababu hawana kipaji.

Patasi za kukerezea hufanya kazi tofauti na za seremala. Seremala anagonga mara chache, anapumzika. Hapa mti unapita kwenye makali mamia ya mara kwa dakika, na makali yanaisha haraka. Ukifika kwa mkerezaji utaona anarudi kwa jiwe la kunoa kila baada ya muda mfupi, bila hata kufikiria. Patasi ikiwa butu, unaanza kuisukuma. Ukiisukuma, inanaswa. Ikinaswa inapiga kishindo, inachimba shimo kwenye kazi yako, na wakati mwingine inang'oa mti wote. Kisha unajiambia huna mkono wa kazi hii, na kumbe ulikosa tu makali.

Kwa hivyo tafuta grinda ya mezani kabla ya mashine. Yenye mawe ya inchi 8 ni bora, ya inchi 6 inatosha kuanzia. Yale mawe ya kijivu yanayokuja na grinda za bei rahisi yametengenezewa kazi nzito na huchoma chuma. Ukiweza badilisha moja uweke jeupe, ambalo hunoa patasi bila joto jingi. Kishikilia cha kukusaidia kurudia pembe ile ile kila mara unaweza kukitengeneza mwenyewe kwa vipande vya plaiwudi na skru. Hicho kidude cha plaiwudi kitakufaa kuliko patasi mbili za ziada.

Kuna wanaosema kuna vifaa vya kisasa vyenye vijiwembe vya kabaidi ambavyo havihitaji kunolewa, ukigeuza tu upande unaendelea. Ni kweli vipo, na kwa anayeanza ni rahisi kushika. Lakini kiwembe kikiisha pande zote lazima ununue kingine, na duka lenye saizi yako halipo kila kona. Anayejua kunoa anategemea jiwe moja kwa miaka.

Nne, patasi tatu tu

Utakuta seti ya patasi nane ndani ya sanduku zuri la mbao. Iache dukani. Kwa kuanzia, nunua tatu: gauji pana ya kuondoa kona za mti wa mraba hadi uwe duara, gauji nyembamba ya kutengeneza mabonde na vilima, na patasi ya kukatia yenye ubao mwembamba. Tafuta zilizoandikwa HSS, ambacho ni chuma kinachovumilia joto la jiwe bila kupoteza ugumu. Hizo tatu zinakutosha kwa kijiti cha chapati, mpini wa tupa, mguu wa stuli na mchi.

Mabakuli yana gauji yake, nzito zaidi, utainunua baadaye. Na hili ulikumbuke hata ukisahau mengine yote: ile gauji pana ya kuondoa kona usiipeleke kwa bakuli. Sehemu yake inayoingia kwenye mpini ni nyembamba, na ikinaswa na mti mpana inaweza kuvunjika ikakurukia. Watu wameumia hivyo.

Tano, mti

Usinunue mbao za bei ghali. Wachongaji wa Ukambani na Pwani walitegemea mpingo na muhugu mpaka miti hiyo ikawa adimu, na wengi wakageukia mwarobaini, mwembe na jacaranda. Wewe anzia hapo walipofika. Mukima uko karibu kila shamba la kahawa na majani chai. Jacaranda hupogolewa mjini kila mara. Mwembe uliozeeka hauzai lakini una rangi tamu ndani. Watu wengine mukima huwawasha ngozi, kwa hivyo jaribu kidogo kwanza uone.

Tangu Februari 2018, serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, biashara ya mbao imekuwa na vuta nikuvute nyingi mahakamani na serikalini. Wewe jiepushe na hayo kwa kuuliza swali moja kila unapopewa gogo: limetoka shamba la nani? Na ukianza kusafirisha kwa wingi, jua Huduma ya Misitu, KFS, hutoa kibali cha kusafirisha mazao ya miti. Gogo bila karatasi linaweza kukugharimu zaidi ya mashine.

Kuhusu mbao za paleti kutoka Industrial Area: tazama muhuri. Ukiona herufi HT, mbao zilitibiwa kwa joto, ni salama. Ukiona MB, zilipuliziwa sumu ya gesi kuua wadudu. Hizo usikereze, usichome, usilete nyumbani. Na paleti zote zina misumari, kwa hivyo pitisha sumaku kwanza.

Sasa mashine

Umefika hapa? Vizuri. Sasa unajua unachotafuta.

Kwa anayeishi nyumba ya kupanga, mashine ndogo ya mezani inayoweza kubeba mti wa upana wa inchi 10 hadi 12, yenye mota ya nusu hadi nguvu moja ya farasi, inatosha kwa miaka. Mota ya nguvu moja ya farasi hula takriban robo tatu ya yuniti kwa saa ikifanya kazi kwa nguvu zote. Tokeni zako hazitaisha kwa sababu yake. Mwenye nyumba ndiye wa kuongea naye mapema, kwa sababu ya kelele.

Ukinunua ya mkono wa pili, fanya haya kabla ya kutoa pesa. Zungusha kichwa cha mashine kwa mkono na usikilize: beringi zikikwaruza, punguza bei ama ondoka. Kivute na ukisukume, hakitakiwi kucheza. Leta ncha ya mkia hadi igusane na ncha ya kichwa. Zikikosa kukutana, mti wako hautakuwa sawa kamwe. Uliza saizi ya nyuzi za skru pale kichwani, kwa sababu za Ulaya mara nyingi ni M33 na nyingine nyingi ni inchi 1, na kishikio cha taya nne ulichonunua kwingine huenda kisiingie. Kutu juu juu si ugonjwa. Swichi iliyolegea ni ugonjwa.

Ya kuagiza kutoka nje jihadhari na jambo moja: chuma ni kizito na msafirishaji anakutoza kwa kilo. Bei uliyoiona mtandaoni si bei itakayofika mlangoni kwako.

Kuna pia za kuchomelewa hapa hapa na mafundi wa jua kali kwa chuma cha pembe na mota iliyotumika. Sizidharau, zimelisha familia. Ila dai vitu vitatu: ukanda ufunikwe, swichi ya kuzimia iwe mahali mkono unafika bila kuvuka mti, na waya wa ardhini uunganishwe na fundi wa stima anayejua kazi.

Ikifika, iweke ili katikati ya mti iwe usawa wa kiwiko chako. Weka mifuko ya mchanga chini ya meza izuie mtikisiko. Na kasi iamue kwa hesabu hii: upana wa mti kwa inchi, mara mizunguko kwa dakika, jibu liwe kati ya 6,000 na 9,000. Bakuli la inchi 10 ni mizunguko 600 hadi 900. Mti ambao bado haujawa duara, nenda chini ya hapo. Ujanja wa kasi uwache kwa wenye video.

Kishikio cha taya nne kinaweza kungoja. Vitu vyako ishirini vya kwanza vishike kati ya kichwa na mkia, kwa mbao zilizokauka, vitu virefu vyembamba kama vijiti vya chapati. Hivyo havingoji miezi. Unamaliza leo, unapaka mafuta ya parafini ya kunywa yanayouzwa duka la dawa, yakichanganywa na nta ya nyuki, na kesho jirani ananunua. Pesa hizo ndizo zitanunua kishikio. Na kishikio kitaleta bakuli. Hivyo ndivyo mashine inajilipa, polepole, bila mtu kukupigia simu usiku.

Na karakana zilizofungwa Jumamosi?

Siwezi kumaliza nikiwa nimekuwekea mzigo wote wewe.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipotushinda nyumbani. Tangu siku hiyo nimeambiwa "si uende ufundi" mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na wanaosema hivyo huwa wanaitaja kama adhabu. Mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985 ukiwa na kazi za mikono shuleni, kisha masomo hayo yakapunguzwa, na kizazi chetu kikakua kikiamini mkono ni wa aliyeshindwa na kichwa. Sasa tunaambiwa tujiajiri kwa mikono ambayo hakuna aliyeifundisha.

Katiba ya 2010 iliweka vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa serikali za kaunti. Ni majengo yetu, tunayalipia. Ombi langu kwa magavana ni dogo na halihitaji kukata utepe: chuo chenye karakana ya mbao kifunguliwe Jumamosi kwa asiye mwanafunzi. Alipe ada ndogo kwa saa, awepo mkufunzi mmoja, na pawepo kinga za uso na barakoa mlangoni. Kijana ajifunze kunoa kwa jiwe la umma kabla ya kununua lake. Akiiva, afanye mtihani wa NITA wa gredi ya tatu apate karatasi, kwa sababu mtihani huo haukuulizi ulisomea wapi. Hiyo ingeokoa pesa za vijana wengi kuliko hotuba kumi kuhusu ajira, na ingeokoa macho kadhaa.

Mpaka hayo yafanyike, kaunti yako iulize. Enda kwa ofisi, ama umkamate diwani wako akija mazishini. Muulize karakana ya chuo cha wadi yenu hufunguliwa siku gani.

Na wewe, rafiki yangu, wiki hii usiingie kwa duka la mashine. Ingia duka la vifaa vya usalama, toka na kinga ya uso. Jumamosi ipeleke kwa fundi, ukiwa umevaa mikono mifupi na umebeba chai na mandazi. Ukifika umkute ananoa, usiongee. Tazama pembe ya mkono wake.